Namna ya Kupima Uzuri: Somo Kutoka Uwanja wa Barafu

Muhula uliopita mabweni yetu yalishindana kwa kwaya. Bweni letu likawa la pili, na usiku ule hakuna aliyelala mapema. Wengine walisema kwamba waamuzi wametuonea, wengine wakasema kwamba wenzetu waliimba vizuri kutushinda. Mimi nilikuwa mmoja wa waliolalamika sana. Lakini mwenzangu aliponiuliza, "Wametuonea katika jambo gani?" sikuwa na jibu, kwa sababu tulichosomewa ni jumla tu: wao 83, sisi 81.

Jambo hili lilinifanya nitafute habari za mashindano yanayopimwa kwa macho na masikio, si kwa saa wala kwa kamba ya kupimia. Mfano ulio bora niliupata mbali sana na kwetu, katika mchezo wa kuteleza kwa madaha juu ya barafu, unaochezwa katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Watu wa mchezo huo waligombana kwa sababu ya alama mbele ya dunia nzima, kisha wakalazimika kutafuta dawa. Yafaa nasi tujifunze kwao.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujapata kuuona. Uwanja ni sakafu ya barafu yenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Mchezaji huvaa viatu ambavyo chini ya kila soli pana bamba la chuma lenye makali mawili, la ndani na la nje. Muziki hupigwa, naye huufuata kwa mwili wake wote. Huzunguka pale pale kama pia, hupiga hatua nyepesi, na huruka akajizungusha hewani mara mbili, tatu au hata nne, kisha hutua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Mruko mmoja mgumu sana huitwa akseli, kwa jina la Axel Paulsen wa Norwei, aliyeuruka mwaka 1882. Ugumu wake ni kwamba mchezaji huondoka akielekea mbele lakini hutua akirudi nyuma, kwa hiyo hana budi kuongeza nusu mzunguko. Akseli ya mara tatu, basi, ni mizunguko mitatu na nusu hewani.

Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1908 huko London, hata kabla Michezo ya Majira ya Baridi haijaanzishwa. Michezo hiyo ya baridi ilipofanyika mara ya kwanza mwaka 1924 huko Chamonix, Ufaransa, mchezo wa kuteleza kwa madaha ulikuwamo.

Sasa tutazame alama. Kwa miaka mingi alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0. Kila mwamuzi alitoa alama mbili, moja kwa ufundi na ya pili kwa uzuri wa onyesho. Mwaka 1984 huko Sarajevo, Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walipocheza dansi yao ya mwisho, waamuzi wote tisa waliwapa 6.0 kwa uzuri. Siku kama hiyo hakuna mtu mwenye neno. Taabu huja siku ambayo washindani wamekaribiana. Mwamuzi aliandika 5.8 au 5.9, na hapo basi. Hakuna aliyeweza kujua kile kilichopungua ni nini: je, ni mruko, ni hatua, au ni nguo tu aliyoichukia mwamuzi? Tena ilimpasa mwamuzi kubana alama za wachezaji wa kwanza, ili apate nafasi ya kuwaweka juu wale watakaofuata.

Tarehe 11 Februari 2002, huko Salt Lake City, Marekani, jozi za mwanamume na mwanamke zilishindana. Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze wa Urusi walicheza mchezo mgumu, lakini Sikharulidze aliyumba kidogo alipotua katika mruko mmoja. Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada walicheza bila kosa la kuonekana, ingawa wapo waliosema kwamba mchezo wao ulikuwa mwepesi zaidi. Waamuzi watano waliwachagua Warusi, na wanne wakawachagua Wakanada. Watu uwanjani wakazomea.

Kisha mwamuzi kutoka Ufaransa akasema kwamba alishurutishwa kuwapigia Warusi ili Wafaransa nao wapate kusaidiwa katika dansi. Baadaye aliyakanusha maneno hayo. Siku chache tu baada ya shindano, wakubwa wa Olimpiki waliamua kwamba Wakanada nao wapewe dhahabu, na Warusi wakaachiwa yao. Mwamuzi yule, pamoja na mkuu wa chama cha mchezo huo nchini kwao, walifungiwa kwa miaka mitatu. Wachezaji wanne hawakuwa na kosa lolote, lakini wote walitiwa doa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililo baya zaidi katika hukumu isiyoaminika: humwumiza aliyeshindwa, na aliyeshinda naye humnyima furaha yake.

Chama cha dunia cha mchezo huo kiliacha 6.0, na mwaka 2004 kikapitisha njia mpya, iliyotumika katika Olimpiki kwanza mwaka 2006 huko Torino, Italia. Nitaieleza kwa hesabu, kwa kuwa haina ugumu.

Kila mruko na kila mzunguko una thamani iliyoandikwa katika jedwali kabla ya shindano. Katika Michezo ya Beijing mwaka 2022, akseli ya mara tatu ilikuwa na thamani ya 8.00. Watu maalumu hutazama kama mruko ni ule kweli, na kama mizunguko imetimia. Kisha waamuzi tisa hutoa alama ya jinsi ulivyofanywa, kuanzia 5 za kuondoa hadi 5 za kuongeza. Tuseme wameongeza 3, 3, 2, 4, 3, 3, 1, 5 na 3. Alama ya juu kabisa, 5, na ya chini kabisa, 1, hutupwa. Saba zinazobaki jumla yake ni 21, na wastani wake ni 3. Kila moja ina thamani ya sehemu moja ya kumi ya mruko, yaani 0.80. Mara 3 ni 2.40. Mchezaji hupata 10.40. Akianguka, hukatwa alama nyingine pembeni. Mwisho huongezwa alama za mpango wa onyesho zima, uchezaji wake, na ustadi wa kuteleza.

Tazama faida yake. Mwamuzi mmoja anayependelea, alama yake huenda ikatupwa. Naye mchezaji akirudi nyumbani na karatasi yake, huona wapi alipata na wapi alipoteza.

Hata hivyo dawa ya kwanza ilikuwa na sumu ndani yake. Baada ya mambo ya mwaka 2002, alama zilitangazwa bila kuonyesha ni ya mwamuzi yupi, ili asiweze kushurutishwa na watu wa kwao. Lakini aliyefichwa asishurutishwe, amefichwa pia asiulizwe. Mwaka 2016 chama kiliondoa siri hiyo, na jina likarudi mbele ya alama.

Tena isidhaniwe kwamba jedwali limemaliza ubishi, kwani jedwali nalo hutungwa na watu. Zamani wachezaji walipimwa pia kwa kuchora duara juu ya barafu kwa makali ya viatu. Mwaka 1972 huko Sapporo, Japani, Beatrix Schuba wa Austria alikuwa wa kwanza katika kuchora na wa saba katika mchezo huru, akachukua dhahabu, kwa sababu kuchora kulikuwa na uzito mkubwa. Janet Lynn wa Marekani, aliyekuwa wa kwanza katika mchezo huru, alipata shaba. Hakuna aliyeiba. Mizani ndiyo ilikuwa imewekwa hivyo. Kuchora kuliondolewa katika mashindano makubwa mwaka 1990.

Basi somo ni lipi? Naona kwamba uzuri waweza kupimwa, lakini alama inapaswa kutimiza mambo matatu: mizani yake ijulikane kabla ya shindano, itoe sababu yake, na mwenyewe awe tayari kuitia sahihi. Kwa heshima naomba kwamba katika kwaya ya muhula huu kila bweni lipewe karatasi inayoonyesha alama za sauti, za matamshi na za kwenda pamoja, pamoja na jina la mwamuzi.

Siombi hivi ili tushinde. Nilipokuwa nikiandika habari hizi, nilimwendea mwalimu mmoja aliyekuwa mwamuzi, nikamwuliza kwa adabu juu ya zile alama mbili. Alinijibu mara moja: besi walichelewa kuingia katika ubeti wa mwisho. Mimi ni mmoja wa besi hao. Jibu lile liliniuma, lakini tangu siku hiyo sijalalamika tena, na kila Jumamosi tunaufanyia mazoezi ubeti ule.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne