Hesabu Tatu za Kumlinda Mnunuzi

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika somo hili tunaeleza hesabu tatu nyepesi ambazo kila mtumiaji wa bidhaa na huduma aweza kuzifanya kabla hajatoa fedha zake.

1. Kugawanyika kwa namba

Ukinunua vitu 9 vya bei moja isiyo na senti, jumla sharti igawanyike kwa 9 bila baki. Ili kulithibitisha hilo, jumlisha tarakimu za jumla hiyo. Matokeo nayo yatagawanyika kwa 9.

Mfano: madaftari 9 kwa shilingi 1,450 kila moja ni shilingi 13,050. Tarakimu zake, 1+3+0+5+0, ni 9. Iwapo risiti yaonyesha 13,550, tarakimu ni 14. Hapo kuna kosa. Siri yake ni kwamba 10, 100 na 1,000, kila moja ikigawanywa kwa 9, hubakiza 1. Kwa vitu 3, tumia kanuni hiyohiyo kwa 3.

Hata hivyo, tahadhari: kipimo hiki hakigundui tarakimu zilizobadilishana nafasi. Shilingi 13,500 hukipita kipimo, ilhali imezidi kwa shilingi 450. Kwa hiyo, hesabu ikipita, bado soma risiti yako.

2. Wastani

Wastani hupatikana kwa kujumlisha kiasi chote, kisha kugawanya kwa idadi. Nyumba iliyotumia uniti 62, 58, 75 na 65 za umeme katika miezi minne imetumia jumla ya 260, yaani wastani wa 65 kwa mwezi. Mwezi wa tano ukifika 91, uliza sababu: je, kuna mgeni, friji mbovu, au hitilafu ya nyaya?

Wengi hukosea wastani wa bei. Aliyenunua kilo 2 za mchele kwa shilingi 3,000 kila kilo, na kilo 8 kwa shilingi 2,500, hakulipa wastani wa 2,750. Amelipa 6,000 na 20,000, jumla 26,000 kwa kilo 10; wastani ni shilingi 2,600.

3. Mpangilio wa namba

Hapa ndipo hasara kubwa hujificha. Tuseme mkataba wa mkopo unatoza faini ya shilingi 500 siku ya kwanza ya kuchelewa, 1,000 siku ya pili, 1,500 siku ya tatu, na kuendelea hivyo. Mkopaji aweza kudhani kuwa baada ya siku 10 atadaiwa 5,000 tu. Kumbe hiyo ni faini ya siku ya kumi peke yake.

Oanisha ya kwanza na ya mwisho: 500 na 5,000 ni 5,500, 1,000 na 4,500 ni 5,500. Jozi ni tano. Jumla ni shilingi 27,500. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, uliza: kiasi hiki ni jumla, au hutozwa upya kila siku?

Zoezi

Sabuni 9 za bei moja zimeandikiwa jumla ya shilingi 16,300. Je, yawezekana?

Jibu: La. Tarakimu zake ni 10. Mrudie muuzaji kwa upole, ukiwa na risiti mkononi, mhesabu pamoja.