Likizo ya Familia Turkana: Panga Pesa Kabla Hujafika Mchangani

Disemba inaonekana mbali, lakini watoto wameshaanza kuuliza: mwaka huu tunaenda wapi? Wengi wetu hujibu Mombasa bila hata kufikiri. Kama familia yako inapenda jua kali na haiogopi vumbi, kuna Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana upande wa magharibi. Hili ndilo ziwa kubwa zaidi la kudumu duniani lililo jangwani. Mikoma imesimama kwenye mchanga, chemchemi zinabubujika karibu yake, na mbele ni maji ya kijani hadi macho yachoke.

Tunaliandika hili kwa sababu ya mwenzetu mmoja hapa ofisini. Mwaka jana aliona picha za nyumba ya wageni mtandaoni, akaongea na "meneja" kwa simu, akatuma shilingi 18,000 za kushika vyumba. Jina lililojitokeza kabla ya kuweka PIN halikuwa la meneja wala la nyumba hiyo. Alipouliza, akaambiwa ni la mhasibu. Akatuma. Walifika Lodwar saa kumi jioni, yeye, mkewe na watoto watatu, akapiga simu: mteja hapatikani. Na huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kufundisha wateja! Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuandike.

Kwa hivyo tuanze na jina. Lile jina unaloonyeshwa kabla ya PIN si mapambo. Likitofautiana na uliyeambiwa, simama hapo hapo, hata kama unaambiwa vyumba vinaisha. Omba Till au Paybill yenye jina la biashara. Tafuta pia mtu aliye Lodwar, hata kama ni dereva au rafiki wa rafiki, akuthibitishie kwamba mahali hapo papo na simu hiyo ni yao. Kisha lipa sehemu tu, na uweke ujumbe wa malipo vizuri. Ukigundua umetapeliwa, tupigie mara moja, usingoje kesho. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vita vingine. Halafu piga ripoti polisi.

Sasa, pesa yenyewe itoke wapi? Tuseme safari yenu inahitaji 60,000. Ukianza mwanzoni mwa Agosti hadi katikati ya Disemba una kama wiki 20, yaani 3,000 kila wiki. Weka kwenye akiba iliyofungwa, siyo kwenye salio unalonunulia unga na tokeni za stima. Tunajijua sisi wenyewe: pesa inayoonekana huisha.

Barabara ni ndefu. Wengi hupitia Kitale, wanalala, kisha wanashuka kupitia Kapenguria hadi Lodwar, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi. Kutoka Lodwar hadi Eliye ni mchanga, unahitaji gari linaloweza mchanga. Dereva mpe nusu mkiondoka, nusu mkirudi.

Lodwar ndipo pa kumalizia mambo ya simu. Huko mbele usipange malipo kana kwamba mtandao utakungoja. Mkitaka kwenda Central Island, kisiwa cha volkano chenye maziwa matatu ndani yake na mamba wengi, ada ya hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo ilipeni mkiwa mjini. Bei ya boti kubalianeni kwa boti nzima, siyo kwa kila kichwa, na salio mlipe mkisharudi. Upepo wa ziwa hauna adabu. Safari inaweza kuahirishwa. (Kuogelea, waulize wenyeji kwanza ni wapi. Mamba hawako kisiwani peke yake.)

Toa pia taslimu kiasi, noti za 50, 100 na 200. Mama anayeuza vikapu au samaki ufuoni hatakuwa na chenji ya elfu moja. Usitoe zote lakini. Afadhali baba awe na sehemu kwenye laini yake na mama kwenye yake, ili simu moja ikizima au ikianguka majini msikwame. Beba powerbank. Maji ya kunywa nunueni Lodwar, kwa maana ya ziwa yana magadi.

Na mwenzetu? Usiku ule walilala Lodwar kwenye chumba kimoja, watu watano. Asubuhi wakapata gari, wakaliona ziwa, wakala samaki. Mtoto wake wa mwisho bado humuuliza lini wataenda kulala kwenye ile nyumba ya kwenye picha.