Kipindi cha Saa Mbili Kimeenda Saa Tano

Kwenye mazoezi ya kufundisha hapa Kibaoni, Ifakara, sisi saba wa ualimu tulikuwa na ratiba moja tu: faili la maandishi linaloandikwa kwa Emacs, kwenye Org. Kila usiku seva ya kukodi inaligeuza kuwa kalenda ya .ics, nasi pamoja na msimamizi wetu tunaipata kwenye simu. Siku moja kipindi cha Baiolojia cha saa 2 asubuhi kikasomeka 11:00, yaani saa 5. Msimamizi angekuja saa hiyo angekuta somo lingine ubaoni, na mwenye kipindi angekosa alama zake.

Kwenye grupu lawama zikaanza: aliyeandika ratiba kachanganya saa! Jamani, kabla ya kulaumu mtu, pima tofauti. Kompyuta haijui saa zetu za Kiswahili. Ukiiandikia 02:00 ukimaanisha saa 2 asubuhi, itakupa saa 8 usiku. Hapo umepishana kwa saa 6. Sisi tulipishana kwa saa 3, na saa 3 ndizo zinazotutenganisha na UTC. Mwandishi hana kosa.

Faili la .ics ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo lifungue usome mstari wa DTSTART. Letu lilikuwa na 080000Z. Hiyo Z mwishoni maana yake saa imeandikwa kwa UTC, na 08:00 ya UTC kwetu ni 11:00. Kompyuta ya mwenzetu, iliyowekwa saa za Tanzania, ilitoa 050000Z kutoka ratiba ileile, na hiyo ndiyo sahihi. Seva yenyewe ilikuwa inaishi kwenye UTC, ikadhani 08:00 yetu ni ya kwake. Tukatanguliza TZ=Africa/Dar_es_Salaam kwenye amri ya usiku, basi.

Kuna na hili, linasumbua wengi zaidi: Emacs ikiitwa kwa --batch haisomi faili lako la mipangilio mpaka uitaje kwa -l. Ndiyo maana ukibonyeza mwenyewe mchana mambo safi, usiku ikijiendesha inatoa kitu kingine, hata vipindi vingine havionekani kabisa.

Kesho yake simu sita zilisoma 08:00. Ya saba ilishikilia 11:00 hadi kalenda ilipofutwa na kupakuliwa upya.