Boti iliyojaa na namba inayodanganya: kusoma usalama wa vyombo vya Ziwa Kivu

Waundaji wa mashua za tanga wana hesabu chache zinazowaonyesha tabia ya chombo kabla hakijashushwa majini. Eneo la tanga hulinganishwa na uzito, ili kujua kama chombo kitasogea upepo ukiwa hafifu. Urefu kwenye mstari wa maji huonyesha mwendo: kipeuo cha pili cha mita hizo, mara 4.5, ndicho kikomo cha kilomita kwa saa kwa mashua nzito ya kawaida. Uzito wa farumi, yaani mzigo wa chini wa kutuliza chombo, nao hupimwa dhidi ya uzito wote. Ziwani kwetu tanga ni nadra, na hata tungelitweka, hewa ya Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, ni nyepesi kuliko ya Lamu pwani kwa takriban sehemu moja ya saba, kwa hiyo upepo wa kasi ileile ungesukuma kwa nguvu ndogo kuliko kule. Boti zetu zinaendeshwa na mashine. Hata hivyo hesabu za kupinduka zinatuhusu sana, na nataka kuonyesha kwamba ile inayojulikana zaidi inaweza kutudanganya hasa pale boti inapojaa.

Hesabu hiyo ina asili yake. Agosti 1979 dhoruba iliyapata mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet baharini, yaliyoanza na mashua 303, na washindani 15 wakafa. Uchunguzi uliofanyika Marekani baadaye ulizaa kanuni fupi: chukua upana wa chombo kwa mita, ugawe kwa kipeuo cha tatu cha mita za ujazo za maji yanayosukumwa na chombo hicho. Jibu likizidi 2, chombo hakifai bahari kuu, kwa kuwa ni kipana mno kwa wepesi wake na wimbi likikipindua kinaweza kubaki chali.

Sasa tupime boti ya mfano, si boti ya mtu yeyote. Ina urefu wa mita 15, upana mita 3, kina cha ubavu mita 1, na ikiwa tupu ina tani 8. Ili hesabu iwe rahisi, tuichukulie kama sanduku. Ikiwa tupu, kanuni inatoa 1.5. Ikipakia watu 80, kila mmoja kilo 70 pamoja na mzigo wa mkononi, inatoa 1.26. Ikipakia watu 250, inatoa 1.02. Tazama mwelekeo huo: kadiri tunavyojaza, ndivyo karatasi inavyosema chombo ni salama zaidi! Kanuni yenyewe haina kosa. Ilitungwa kwa mashua iliyofungwa juu, yenye farumi chini na watu wachache, na mzigo wetu ni watu wanaosimama, wanaogeuka, wanaopanda juu ya paa.

Kinachopaswa kupimwa ni umbali kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni kitovu cha uzito, ambacho hupanda mzigo unapopanda. Cha pili ni nukta ambayo wahandisi wanaiita metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini yake, boti iliyoinama hurudi, na kikiwa juu yake, boti haisimami wima tena. Kimo cha metasenta kinategemea upana kwa mchemraba: upana ukiongezwa maradufu, uzito ukibaki uleule, kimo hicho huongezeka karibu mara nane. Wavuvi wa Kivu wa samaki wadogo waitwao sambaza wanaufaidi ukweli huu kila usiku, kwa mitumbwi mitatu iliyotenganishwa na kuunganishwa kwa miti mirefu. Lakini kimo hicho hicho hugawanywa kwa maji yanayosukumwa, kwa hiyo uzito unakishusha. Katika boti yetu ya watu 80, wote wakiwa chini, umbali huo ni mita 1.74 hivi, na ubavu umebaki sentimita 70 juu ya maji. Wakiwa 250, wote chini, umbali unabaki mita 0.52 na ubavu sentimita 43. Wakiwa 250 hao hao, nusu yao juu ya paa lililo mita 2.2 kutoka sakafu ya mkuku, umbali unakuwa chini ya sifuri.

Watu husema Kivu si bahari, mawimbi yake hayafanani na ya Fastnet. Ni kweli, na ndiyo maana hoja ya mawimbi haitoshi. Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, safari ikiwa imefika mwisho. Gavana wa Kivu Kusini wakati huo, Jean-Jacques Purusi, alitaja watu 278 waliokuwamo na vifo 78. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya, Ukara, katika Ziwa Victoria, na watu 228 wakafa. Chombo kilichobakiwa na umbali mdogo hakihitaji wimbi. Kukaribia gati kunatosha, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu huchukua mzigo wake na kuelekea upande mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni lile la msafiri. Mwaka 2024 vita viliikata barabara ya Goma, Sake na Minova. Chakula na makaa vilipaswa kupita majini, na hakuna aliyejaza boti kwa kupenda. Siwezi kumwambia mama mwenye magunia asisafiri. Ninachosema ni kwamba hesabu inatenganisha wingi na kimo. Uzito uleule wa watu 250 ulitoa mita 0.52 ukiwa chini na ukapotea kabisa nusu yake ilipopanda. Kuteremsha magunia mpaka sakafuni na kukataa abiria juu ya paa hakumpunguzii mwenye boti nauli nyingi, na ndilo jambo la kwanza la kufanya. Jaketi okozi, ambazo Rais Tshisekedi alizitangaza kuwa lazima baada ya ajali ya Kalehe ya Aprili 2019, zinaokoa maisha boti ikishapinduka; hazibadilishi lolote katika hesabu hii.

Kapiteni asiye na karatasi anaweza kupima kwa saa ya simu. Boti ikishapakiwa, maji yakiwa yametulia, kamba zilegezwe, watu wachache wahamie upande mmoja kidogo kisha warudi, halafu zihesabiwe sekunde tangu iiname upande mmoja, ipite upande wa pili, mpaka irudi ilipoanza. Rudia mara kadhaa upate wastani. Zidisha upana kwa 0.8, ugawe kwa sekunde hizo, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: huo ndio umbali wako kwa mita. Boti ya mfano yenye watu 80 ingemaliza mzunguko kwa sekunde 1.8 hivi, yenye 250 chini, kwa 3.3. Sekunde zikizidi mita za upana, umbali umeshuka chini ya mita 0.64, na mimi ningeanza kushusha mzigo hapo hapo. Boti ikiinama na kukawia kurudi, isiondoke bandarini, na abiria washuke wachache wachache, wakianza walio juu.