Msikiti wa Kizimkazi na Fakhari ya Nasaba

Ndugu yetu mmoja wa Kitui, ambaye huhudhuria darasa letu kila ateremkapo pwani, ametuletea swali nasi hatuoni haya kulitangaza. Haya ni ya aliyemchokoza. Aliambiwa na mtu wa mji kwamba Uislamu wa Kitui na Makueni ni wa jana, na misikiti yao ni matofali ya udongo na mabati, bali sisi misikiti yetu ilijengwa na Waajemi wa Shirazi, na shahidi ni msikiti wa Kizimkazi. Yeye auliza: je, ni kweli?

Na tuutazame msikiti wenyewe. Uko Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, karibu na bahari. Apitaye nje hasimami, kwani ni jengo dogo lisilo na pambo. Ajabu yake iko ndani, upande wa kibla. Kando ya mihrabu mna maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika tumbawe, herufi zake zimechipua majani. Yasema kwamba Sheikh As-Sayyid Abu Imran Musa bin Al-Hasan bin Muhammad aliamuru msikiti huu ujengwe, siku ya Jumapili, mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 wa Hijra, nao ni 1107 wa Miladia. Kuta tuzionazo leo nyingi ni za karne ya 18, ulipojengwa upya.

Basi Uajemi wake uko wapi? Uko katika khati. Wataalamu wameilinganisha na ile ya Siraf, bandari ya Uajemi iliyopigwa na zilzala mwaka 977, wakaona zafanana. Hilo hatulikanushi. Lakini jiwe ni la bahari yetu. Tumbawe hutolewa majini lingali bichi, likachongwa kabla halijakauka, kwani likishapata jua na upepo huwa gumu. Na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Kazi hiyo mgeni haijui kwa siku mbili. Wala Musa bin Al-Hasan hakuandika kuwa ametoka Shirazi. Alitaja jina lake, na la baba yake, na la babu yake, akanyamaza.

Na kabla ya Kizimkazi? Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenziwe walichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa wakakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Udongo! Aliyeyacheka matofali ya Kitui amewacheka wazee wake mwenyewe, naye hana khabari.

Tena mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa Manda, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Ilidhihiri kwamba wengi wao kwa upande wa baba walikuwa na asili ya Uajemi, na kwa upande wa mama walikuwa Waafrika, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Hadithi ya Shirazi, basi, si uwongo. Ila amtajaye baba akamficha mama amesimulia nusu ya khabari. Na Aya ya 13 ya Suratul Hujurat kila mtoto wa chuo aijua. Tatizo ni watu wazima.

Ndugu yetu alikuwa na swali la pili, nalo kwa kweli ndilo lililomleta. Huko kwao Makueni wajomba zake wanajenga msikiti. Je, mihrabu ni lazima iwe ya mawe? Si lazima. Matofali yatosha, na mabati pia, kwani Kizimkazi nao umeezekwa mabati. La kuangaliwa ni kibla. Kwa mtu wa Kitui au Makueni, Makka iko kaskazini, ikipinda kidogo sana upande wa mashariki. Kwa mtu wa Kizimkazi nako ni kaskazini vilevile.