Maumivu ya Mzee Mwenye Saratani: Wajibu wa Muuguzi

Mzee wa Jozani mwenye saratani akiulizwa hali, huenda akajibu "Alhamdulillahi", ilhali usiku hakulala. Muuguzi asitosheke na jibu hilo. Aulize: panauma wapi, tangu lini, na kati ya 0 na 10 maumivu yamefika ngapi? Asiyeweza kusema atazamwe uso, na asikilizwe anavyoguna akigeuzwa.

Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kuwa dawa za maumivu ya saratani zitolewe kwa mdomo na kwa saa maalumu, pasipo kusubiri maumivu yarudi. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4. Kwa kuwa figo za mzee huwa zimepungua nguvu, huanzwa kwa kipimo kidogo, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Akisinzia kupita kiasi au akipumua polepole mno, daktari aitwe mara moja.

Jamaa wakihofia uraibu, waelezwe kuwa ni nadra kwa mgonjwa anayetibiwa maumivu chini ya uangalizi. Nchini Uganda, tangu 2004, wauguzi waliofunzwa maalumu huruhusiwa kisheria kuandika mofini. Anayemuuguza mzee nyumbani afundishwe kupima dawa na kuandika saa aliyoitoa.