Homoni Inayoshikilia Mimba Changa

TUSEME wewe ni mja mzito wa wiki saba. Umeamka asubuhi, umeenda msalani, ukaona matone ya damu. Mwaka uliopita mimba nyingine ilianza kuharibika vivyo hivyo. Jirani anakushauri ukimbie duka la dawa ukanunue "tembe za kufunga mimba", kwani yeye zilimfaa. Utafanyaje?

Dawa anayoizungumzia huwa mara nyingi ni projesteroni, homoni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe kila mwezi. Yai linapopevuka na kutoka katika ovari, kifuko lilimokuwa hugeuka kuwa kitezi kidogo cha rangi ya manjano. Kitezi hicho ndicho hutoa projesteroni. Homoni hii huandaa utando wa ndani wa mji wa mimba ili yai lililotungishwa lipate pa kujishikiza, na pia hutuliza misuli ya mji huo isijikaze.

Mimba isipotunga, kitezi hunyauka baada ya wiki mbili hivi, projesteroni hushuka na hedhi hufika. Ikitunga, kiinitete hutoa homoni yake, ile ile inayopimwa kwenye mkojo, na kukiarifu kitezi kisiache kazi. Mwaka 1903 daktari Mjerumani, Ludwig Fraenkel, alionyesha kwamba kitezi cha sungura kikiharibiwa, mimba hutoka. Katika miaka ya 1970 ikabainika kuwa kwa wanawake, kitezi kikiondolewa kabla ya wiki ya saba mimba huharibika, lakini baada ya wiki ya tisa huendelea. Kufikia hapo kondo la nyuma huwa limeanza kutengeneza projesteroni ya kutosha.

Basi mbona kila anayetokwa na damu asipewe tembe hizo? Kwa sababu projesteroni ikipatikana imepungua, mara nyingi huo ni matokeo wala si chanzo. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na kasoro katika kromosomu tangu mwanzo. Kiinitete kama hicho hudhoofika, huacha kukiarifu kitezi, na homoni hushuka. Kulaumu projesteroni hapo ni kulaumu balbu ilhali stima zimepotea mtaa mzima.

Utafiti uliochapishwa 2015 ulihusisha wanawake 836 nchini Uingereza na Uholanzi ambao mimba zao ziliharibika mara tatu au zaidi bila sababu kujulikana. Waliopewa projesteroni walijifungua takriban 66 kwa kila 100. Waliopewa tembe bandia, 63. Tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa 2019, uliangalia zaidi ya wanawake 4,000 waliokuwa wakitokwa na damu katika mimba changa: 75 kwa 72. Lakini miongoni mwao, wale waliokuwa wamepoteza mimba mara tatu au zaidi, waliotumia projesteroni walijifungua 72 kwa kila 100, na wasioitumia 57. Hiyo si tofauti ya kupuuzwa. Tangu 2021 mwongozo wa Uingereza unashauri mwanamke anayetokwa na damu, na ambaye amewahi kupoteza mimba, apewe miligramu 400 za kuingizwa ukeni mara mbili kwa siku, na moyo wa mtoto ukionekana unapiga aendelee hadi wiki ya 16.

Lakini kuna sharti: kwanza picha ya ultrasaundi ionyeshe mimba imo ndani ya mji wake. Mimba iliyotunga katika mrija wa uzazi pia huanza kwa matone ya damu. Tembe za dukani hazitaiokoa, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa kuvuja damu tumboni. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au maumivu ya bega yanataka hospitali saa hiyo hiyo. Isitoshe, si kila dawa ya jamii hii ni salama kwa mja mzito. Norethisteroni, ambayo hutumiwa kuahirisha hedhi, haifai kabisa kutumiwa kushikilia mimba.

Kwa wanaotafuta mtoto, kuna kipimo cha damu kiitwacho cha "siku ya 21", kinachoonyesha kama yai lilitoka. Jina hilo huwapotosha wengi. Damu hutolewa siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa, kwa hivyo mwenye mzunguko wa siku 35 hupimwa siku ya 28. Akienda siku ya 21 huenda akaambiwa hatoi mayai, kumbe yai lake ndilo kwanza linatoka.

Mahali ambapo homoni hii haina mjadala ni katika kutungisha mimba nje ya mwili, huduma inayopatikana pia Nairobi. Dawa za kukuza mayai mengi kwa pamoja hudhoofisha vitezi. Na pale kiinitete kilichogandishwa kinapowekwa katika mji wa mimba ulioandaliwa kwa dawa pekee, hakuna kitezi chochote. Projesteroni yote hutoka nje, kwa tembe za ukeni au sindano. Baadhi ya akina mama huacha dawa wakiona damu kidogo, wakidhani mambo yameharibika, au wakipata majibu mazuri ya mkojo, wakidhani kazi imekwisha. Yote mawili ni hatari. Endelea hadi daktari akuambie uache, kwa kawaida ikikaribia wiki ya 10 au 12. Na kama unasafiri mashambani kwa Krismasi, hesabu tembe kabla ya kupanda matatu, kwani huenda duka la karibu huko halina.